Swichi ya loki ya milango ikigoma: pima kabla ya kununua

Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani miaka ya 2000, kama Corolla, Premio, IST na Vitz, swichi ya loki imekaa pamoja na swichi za vioo kwenye mlango wa dereva. Wengi hudhani umeme wa mota zote za loki unapita humo. Sivyo. Swichi inagusisha tu waya mwembamba na athi, yaani chuma cha bodi kilichoungwa na hasi ya betri. Kompyuta ya bodi ikipata ishara hiyo ndipo inapopeleka volti 12 kwenye mota: upande mmoja kwa kufunga, na kinyume chake kwa kufungua. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi ya kutafuta ugonjwa utaimaliza ukiwa umekaa kwenye kiti.

Zima injini, chomoa ufunguo, funga milango yote. Bonyeza swichi, halafu jaribu rimoti, halafu zungusha ufunguo kwenye kitasa cha dereva, huku ukisikiliza mlango mmoja mmoja. Rimoti ikifunga na kufungua vizuri lakini swichi haifanyi kitu, au inafunga tu bila kufungua, mtuhumiwa ni swichi au waya wake. Mlango mmoja tu ukibaki nyuma, swichi inasingiziwa: angalia mota ya mlango huo. Pasipo na kinachoitika kwa njia yoyote, anza na fyuzi ya milango, mara nyingi imeandikwa DOOR kwenye ramani ya kifuniko cha sanduku la fyuzi. Weka ya ampea ileile. Ikiungua tena huenda kuna waya unaogusa bodi, na kupandisha ampea ni kutafuta moto.

Kuna mambo mawili yanayofanana na ubovu na siyo. Ukiacha ufunguo kwenye swichi ya kuwashia na mlango wa dereva ukiwa wazi, loki ikijifunga itajifungua yenyewe. Imetengenezwa hivyo ili usifungie ufunguo ndani. Na mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani, wakati kwa nje unafunguka, kagua kwanza kile kiwiko kidogo cha loki ya watoto kwenye ukingo wa mlango.

Sasa swichi yenyewe. Pandisha vioo vyote, kisha chomoa tarminali hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90, hasa kama gari lina eabegi za pembeni. Nyanyua paneli ya swichi kwa kijiti cha plastiki; bisibisi ya chuma itaacha alama. Isiponyanyuka usiilazimishe: kwenye baadhi ya modeli kuna skrubu chini ya kifuniko kidogo cha mkono wa kuvutia mlango. Bonyeza ulimi wa plagi na uvute plagi yenyewe, si waya.

Weka maltimita (kipima umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, na utafute pini mbili zinazoungana pale tu unapobonyeza kufunga, na mbili zinazoungana pale tu unapobonyeza kufungua. Pini inayojirudia kwenye jozi zote mbili ni ya athi. Swichi nzima husoma chini ya omu 1 ikibonyezwa, na ikiachwa haiungani kabisa. Ukiona omu 40, au namba inayorukaruka kila unapobonyeza, migusano imechafuka. Pima pia pini ya athi kwenye plagi ya upande wa waya dhidi ya chuma cha bodi, maana athi ikikatika hata swichi mpya haitafanya kazi. Kwenye magari mapya zaidi swichi huzungumza na kompyuta kwa ishara za data, na kipimo hiki hakifai huko. Inahitajika mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

Swichi chafu huwa haihitaji kutupwa. Ifungulie ndani ya sinia lenye ukingo, kwa sababu humo mna springi na vichuma vidogo vinavyoruka, na kimoja kikipotea kazi imekwisha. Piga picha kabla hujagusa chochote. Kama migusano ni ya shaba, utaiona imefanya weusi au ukijani. Isugue taratibu kwa msasa wa 1000 au laini zaidi, kisha ifute kwa spiriti ya isopropili. Kama ni vibonyezo vya mpira vyenye kidoa cheusi cha kaboni, msasa ni marufuku: ukikwangua kaboni hiyo umeua swichi. Futa kwa spiriti tu, acha ikauke. Soda na chai yenye sukari ndizo adui wakubwa wa sehemu hii. Usipulizie mafuta ya kulainishia yasiyo ya umeme, maana yanakusanya vumbi.

Ukilazimika kununua ya mtumba, linganisha idadi na mpangilio wa pini, namba ya kipuri, na kama neno AUTO limeandikwa kwenye kitufe cha kioo cha dereva tu au kwenye vitufe vyote. Umbo likifanana, waya unaweza kuwa tofauti.

Swichi ikipima vizuri na bado loki haiitiki, vua ule mpira wa mikunjo kati ya mlango na nguzo ya bodi. Waya humo hujikunja kila mlango unapofunguliwa, na shaba hukatika ndani huku ngozi ya nje ikionekana nzima. Vuta kila waya taratibu: ulioharibika hunyumbuka kama raba. Unga kwa waya laini wa nyuzi nyingi wenye unene uleule, si waya mgumu wa nyumbani, chomea risasi na uvalishe mpira unaosinyaa kwa joto. Sogeza viungo vitoke nje ya sehemu inayojikunja, la sivyo utarudi hapo.

Mlango mmoja unaolia “tik” dhaifu bila loki kuruka kwa kawaida una mota iliyochoka. Kava la mlango litatoka: skrubu ya nyuma ya mkono wa ndani, ile ya pa kuvutia, kisha klipu za ukingoni, na kava linanyanyuliwa kuelekea juu. Lisha mota volti 12 moja kwa moja kwenye pini zake mbili, ukigeuza nyaya ili ifunge na kufungua. Isiporuka kwa nguvu, badilisha kitasa chote, yaani loki ya ndani ya mlango pamoja na mota yake. Kimeshikwa na skrubu tatu za nyota T30 ukingoni mwa mlango. Zimekazwa sana, kwa hiyo kandamiza biti kwa uzito wa mwili kabla ya kuzungusha.

Kabla ya kurudisha kava, rudisha plagi na tarminali ya betri, kisha jaribu loki mara kumi mlango ukiwa wazi, umeushika ulimi wa kitasa kwa bisibisi kama uliofungwa. Kisha bandika ile nailoni ya ndani na gundi yake yote. Ikiachwa, maji ya mvua yanayoshuka ndani ya mlango yataishia kwenye zulia.