Wino wa GelMA usiolegea baada ya kuprinti

Kuna mdogo wangu wa masters anaprinti tishu kwa printa ya 3D, wino wake wa GelMA (jelatini iliyobadilishwa igande kwa mwanga, inachanganywa na seli hai) ulikuwa unalegea, akawa anaongeza GelMA tu mpaka asilimia 15. Jeli inakuwa ngumu kweli, ila vitundu vinabana na seli zinashindwa kujinyoosha. Mi napenda mitandao miwili, GelMA ifungwe na mwanga, alginati (inatoka kwenye mwani) ifungwe na kalsiamu.

1. Yeyusha LAP (kemikali inayoanzisha kuganda ikipigwa mwanga) asilimia 0.25 kwenye PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti), funika na foili, weka GelMA asilimia 7 na alginati asilimia 1.5, nyuzi 37 mpaka iwe angavu. Irgacure, kianzishi kingine cha mwanga, achana nayo, inataka mwanga wa nanomita 365 na kwenye maji inayeyuka kwa shida. LAP inafanya kazi hata kwa 405, hivyo seli haziumii sana.

2. Chuja ikiwa bado na joto, changanya seli taratibu. Mapovu yakiingia hapa umeumia.

3. Joto la sirinji. Hapa ndo watu wanapotezea siku nzima, maana GelMA ikiwa 37 inadondoka matone na ikipoa sana inatoka na mabonge kama uji uliokorogwa vibaya, na kile kipimajoto cha printa kinasoma chuma cha nje sio katikati ya sirinji, kwahiyo kikiandika 24 usianze, subiri, sukuma kidogo hewani uone, likitoka tone bado, ukitoka uzi laini unaoning'inia bila kukatika anza hapohapo. Ukikatika-katika usiongeze presha!! Msuguano kwenye nozo unaua seli, rudisha sirinji yote 37, iyeyuke kabisa, ndo upoze upya. Na AC ikizima katikati ya kazi pima tena, namba za asubuhi hazikusaidii mchana. Wino tofauti una joto lake, hata GelMA ya kopo jipya, usikopi namba ya mtu.

4. Ukishaprinti, mulika na mwanga wa nanomita 405, GelMA ifunge. Juu pakibaki panateleza ni oksijeni inazuia, sio LAP mbovu.

5. Loweka kwenye kloridi ya kalsiamu milimola 100 kwa lita, dakika chache, alginati ifunge. Usisuuze na PBS, fosfeti inashika kalsiamu unapata weupe, tumia salini (maji ya chumvi) yenye HEPES, inayoshikilia pH bila fosfeti.

6. Pima ugumu siku ya 1 na ya 7, usipime mara moja ukafurahi, kwasababu sodiamu ya kwenye midia (maji ya kulishia seli) inaitoa kalsiamu taratibu, alginati inalegea na hapo inayobaki kushikilia umbo ni GelMA.