Kabla ya Kuhamisha Tovuti Kwenda Seva Mpya

Siku mbili kabla ya kuhama, punguza TTL (muda ambao rekodi hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya) ya rekodi za DNS, zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, hadi sekunde 300. Ikibaki 86400, baadhi ya watembeleaji wanaweza kuendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani kwa saa 24 nzima. Nakili rekodi zote, hasa MX, zinazoelekeza barua pepe: hizi husahaulika kirahisi, na barua pepe zikaacha kufika bila mtu kutambua.

Pakua mafaili pamoja na hifadhidata, yapandishe kwenye seva mpya, kisha ikague tovuti huko kwa kuhariri faili la hosts kwenye kompyuta yako, linaloiambia jina la tovuti liende seva ipi. Toleo la PHP (lugha ya programu inayoendesha tovuti) lilingane na la seva ya zamani. Likitofautiana, programu-jalizi kuukuu huweza kugoma. Akaunti ya seva ya zamani usiifunge mpaka wiki moja ipite baada ya kuhama.