SOMO: Ukungu mweusi kwenye madirisha ya aluminiamu. Soma kabla hujanunua rangi

Wakuu, hapa Mwanza kila mvua zikianza swali ni lile lile: "Ukuta chini ya dirisha umeota weusi, nipake rangi gani?" Hakuna rangi. Ukungu unafuata maji, na maji yana pa kupitia. Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

1. Jua maji yanatoka wapi. Futa vumbi, bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 40 kwa 40 chini ya dirisha, selotepu pande zote nne. Acha siku mbili. Matone yakikaa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa ya ndani. Yakiwa upande wa ukutani, ukuta umekunywa maji. Doa nalo linasema: la mvua huanzia pembe za chini za fremu likashuka, rangi inavimba na kubanduka. La hewa hukaa kwenye mpira wa kioo, kona na nyuma ya pazia.

2. Zibua reli ya chini. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo soma taratibu. Dirisha la kusukuma limetengenezwa lipokee maji ya mvua kwenye reli ya chini, kisha yatokee kwenye vitundu vya upande wa nje. Fundi akiitwa kwa kesi ya kuvuja, anashika bunduki ya silikoni na kuziba kila upenyo anaouona, vitundu vikiwemo. Mvua inayofuata reli inajaa kama hori, maji yanafurikia ndani na kushukia kwenye plasta. Mwenye nyumba anaona linavuja zaidi, anaongeza silikoni.

Hata pasipozibwa na mtu, wadudu wa ziwani wanatosha. Mwezi ukiandama wanakuja makundi kwa makundi, wanafia kwenye reli, wanachanganyika na vumbi, na mvua ikiwalowesha wanakuwa tope jeusi zito. Litoe kwa mswaki wa zamani, pitisha waya mwembamba kwenye vitundu, kisha mimina nusu lita ya maji kwenye reli. Yakibaki yametuama, hakuna njia: toboa vitundu viwili au vitatu kwa biti ya milimita 6.

ONYO: toboa ukingo wa nje, usawa wa sakafu ya reli. Ukitoboa sakafu yenyewe kwenda chini, unapeleka maji ndani ya ukuta.

Silikoni inakaa kwenye ungio la fremu na plasta, upande wa nje. Kwangua ya zamani yote, maana mpya haishiki juu ya kuukuu, wala haishiki penye unyevu. Nunua isiyonuka siki. Yenye harufu ya siki hushika vibaya kwenye saruji.

3. Kizingiti cha nje, chini ya dirisha, kiinamie nje. Mwagia maji uone yanaelekea wapi. Yakirudi kwenye fremu, kiinamishe upya kuelekea nje.

4. Ua ukungu. Glavu, barakoa, dirisha wazi. Jiki mililita 250 kwa maji lita 4. Lowesha, subiri dakika 15, sugua, futa. Usikwangue pakiwa pakavu, utasambaza vumbi la ukungu chumba kizima. USICHANGANYE jiki na siki, amonia au dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka inadhuru mapafu. Plasta inayomong'onyoka ing'olewe, jiki haiiponyi.

5. Rangi mwisho, ukuta ukishakauka. Plasta mpya ipe siku 28. Juni hadi Agosti ndio wakati wake.

---

Mkazi wa Igogo: Mkuu, kwa hiyo rangi gani nzuri?

Mtoa somo: Rudi juu.

Mama Isamilo: Samahani kaka, nailoni imelowa upande wa chumbani, na mvua haijanyesha wiki mbili. Tunapikia gesi ndani. Inahusika?

Mtoa somo: Inahusika sana dada, umeuliza vizuri. Kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji kama lita moja na nusu, hujahesabu sufuria inayochemka. Usiku mnafunga madirisha kwa ajili ya mbu, na alfajiri kioo na aluminiamu ndivyo vimepoa kuliko vyote chumbani, basi mvuke unatulia hapo. Funga mlango wa jikoni unapopika, fungua dirisha lake. Alasiri upepo wa ziwa ukivuma, fungua madirisha yanayotazamana robo saa. Asubuhi futa kioo kwa kitambaa ukikamulie nje. Na nyavu zioshe: zikijaa vumbi na wadudu hewa haipiti.

Bwiru Juu: Nimepaka jiki mara tatu, weusi unarudi. Somo lako halifanyi kazi.

Mtoa somo: Umefanya hatua ya 4 peke yake. Reli umeimwagia maji?

Bwiru Juu: Bado.

Mtoa somo: Haya.

Fundi Nyegezi: Niongezee: kabati lisigusane na ukuta wa nje, acha sentimita 5 hadi 10.

Mpangaji Mabatini: Mkuu, kwangu ukuta wa nyuma umeegemea mwamba. Nailoni imelowa upande wa ukutani, na weusi uko chini kabisa, mbali na dirisha.

Mtoa somo: Basi dirisha halina kosa. Maji ya mlimani yanateremka juu ya jiwe na kutua nyuma ya ukuta. Ongea na mwenye nyumba achimbe mfereji kati ya mwamba na ukuta, sakafu yake iwe chini ya sakafu ya chumba, uelekee pembeni mwa nyumba. Udongo na takataka zilizoshindiliwa hapo zitolewe kwanza. Mwamba ukigusa ukuta kabisa pasiwe na nafasi ya mfereji, piga picha uiweke hapa tuone.