Aandike alichokiona: jinsi ninavyowafundisha watoto kuandika ripoti ya mnyama

Walimu wenzangu na wazazi, nafundisha darasa la nne huku Rungwe. Zamani nikitoa kazi ya kuandika kuhusu mnyama, narudishiwa insha ileile kutoka kwa darasa zima: "Simba ni mfalme wa nyika. Simba anakula nyama." Watoto hao hawajawahi kumwona simba. Lakini nyumbani wanakata majani ya ng'ombe, wanafukuza kuku kwenye maharage, na kinyonga wanamkuta kwenye ua kila mvua zikianza. Nikabadilisha utaratibu, na nimeona matunda yake.

Hatua ya 1: Mnyama wa karibu. Awe anayeonekana wiki hiyohiyo: kuku, mbuzi, konokono, mjusi, nyuki. Simba atasubiri.

Hatua ya 2: Swali kabla ya kitabu. Hapa msiharakishe. Mimi natumia kipindi kizima. Kila mtoto aandike swali moja ambalo yeye mwenyewe halijui jibu lake, na mwalimu asimtungie. "Kuku ana miguu mingapi?" halifai, jibu analo tayari. Binti mmoja alikaa kimya karibu nusu saa, kisha akaandika: "Kuku hana meno, mahindi anayasagaje?" Swali la namna hiyo linambeba mtoto mpaka mwisho wa kazi.

Hatua ya 3: Kurasa tatu za daftari. Juu ya ukurasa wa kwanza aandike NIMEONA, wa pili NIMEAMBIWA, wa tatu NIMESOMA. Kila anachokipata akiweke mahali pake.

Yule binti, Jumapili kwao walichinja jogoo. Akamwomba mama yake firigisi aipasue mwenyewe. Ndani akakuta vijiwe na punje zilizosagika nusu. Akaviosha, akavileta shuleni kwenye kibiriti. Hiyo ni NIMEONA. Bibi yake alimwambia kuku hula mawe kwa sababu ya njaa. NIMEAMBIWA. Kitabuni akakuta kwamba kuku humeza punje nzima, zikakaa kwanza kwenye kifuko cha shingoni, kisha firigisi yenye misuli minene huzisaga kwa msaada wa vile vijiwe. NIMESOMA. Alipoziweka kurasa tatu pamoja, aliona mwenyewe ni maneno gani yanaungwa mkono na kibiriti chake.

Msiudharau ukurasa wa pili. Wataalamu waliokuwa wakifanya utafiti kwenye Mlima Rungwe walisikia kwanza kwa wenyeji kwamba msituni kuna kima aitwaye kipunji. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na mwaka 2006, baada ya kupimwa vinasaba vya mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima, akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi lake la kisayansi: Rungwecebus. Wazee wetu walikuwa na jina lake siku zote, na jina hilo la Kinyakyusa ndilo lililobaki. Darasa langu hunyamaza kabisa ninapowasimulia hili.

Hatua ya 4: Soma, funga, simulia. Mtoto asome aya moja, afunge kitabu, amsimulie jirani yake, ndipo aandike. Kitabu kikiwa wazi mkono hunakili tu.

Hatua ya 5: Rasimu. Aya nne zinatosha: swali langu, mnyama alivyo, nilichogundua, na nisichokijua bado. Mchoro wenye majina ya viungo uwepo.

Hatua ya 6: Asome mbele ya wenzake, nao wamuulize.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Mafinga: Shikamoo mwalimu. Mwanangu amechagua kinyonga, bibi yake amekataa kabisa. Anasema ana sumu.

*Jibu:* Marahaba mama. Kinyonga hana sumu. Hata hivyo bibi asibishiwe. Maneno yake yaandikwe kwenye NIMEAMBIWA, kwa heshima. Wala hakuna haja ya kumshika, mnyama mwenyewe anahangaika. Mtoto asimame hatua mbili aangalie jicho moja likitazama mbele na lingine nyuma, na vidole vilivyogawanyika mafungu mawili kama koleo. Mkipanda milima ya Poroto mnaweza kubahatika kumwona mwenye pembe tatu.

Mwalimu, Makambako: Mimi nina watoto 80 na vitabu vitatu. Inawezekana?

*Jibu:* Inawezekana, ndugu yangu. Watoto sita sita kwa mnyama mmoja, na ukurasa mmoja wa kitabu unaunakili kwenye bango la karatasi. Kisha mwalike afisa mifugo wa kata, watoto wakiwa na maswali yao tayari. Kwangu saa moja ya mgeni huyo ilitusaidia kuliko kabati la vitabu.

Baba wa wawili, Iringa: Wangu anachukua simu yangu, ananakili kila kitu.

*Jibu:* Simu itoke baada ya ukurasa wa kwanza kujaa. Aisome kama kitabu, aizime, akusimulie wewe. Akishindwa kusimulia, hajaelewa, arudi tena.

Mwalimu mpya, Tukuyu: Tahajia nasahihisha lini?

*Jibu:* Rasimu ya pili. Ya kwanza muulize tu: "Hili umelijuaje?"

Mwalimu mpya, Tukuyu: Na asipopata jibu, anapata alama?

*Jibu:* Anapata, kama kurasa zake ni za kweli. Nina kijana anayetaka kujua mimba ya ng'ombe wao ni siku ngapi. Kitabu kimemwambia kama miezi tisa, yeye anataka kuhesabu. Aliandika tarehe ng'ombe alipopandishwa, na kila asubuhi kabla ya kuja shule anachora mstari mmoja. Ripoti yake nimeipokea ikiwa na aya tatu. Ya nne tunasubiri ndama.