Bima ya Afya Ugenini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufunga Safari

Wengi hukata bima ili wapate viza, na viza ikishatoka mkataba hausomwi tena. Bima ya viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), kwa mfano, hutakiwa kufikia angalau yuro 30,000, lakini kazi yake ni kulipia dharura na kukurudisha kwenu. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu anayehamia na atakayehitaji kliniki mwezi hadi mwezi.

Anza kwa kuuliza nchi unayokwenda inampokeaje mgeni kwenye mfumo wake wa afya. Uingereza, waombaji wengi wa viza ya zaidi ya miezi 6 hulipa tozo ya afya papo hapo wanapoomba. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa watu wazima wengi, tena hulipwa ya miaka yote kwa mkupuo: viza ya miaka 3 ni pauni 3,105 kabla hujapanda ndege. Japani, mgeni anayekaa zaidi ya miezi 3 na asiye na bima ya kazini hujiandikisha bima ya afya ya taifa kwenye ofisi ya manispaa, na kwa kawaida akitibiwa hutoa asilimia 30 ya gharama mfukoni mwake. Kuchelewa kujiandikisha hakukupunguzii kitu, kwani michango huhesabiwa tangu siku uliyopaswa kujiunga.

Ukiwa unanunua bima binafsi, fungua kwanza ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Bei iache mwisho. Kama una presha, kisukari au pumu, yaandike yote kwenye fomu hata kama ada itapanda. Madai makubwa yakifika, kampuni huomba mafaili yako ya zamani, na ugonjwa uliofichwa unaweza kuwa sababu ya kukataa kulipa. Uzazi nao mara nyingi una kipindi cha kusubiri cha miezi 10 au 12. Anayeshika mimba mapema atajifungua kwa pesa zake.

Piga hesabu ya bili moja kabla ya kusaini. Tuseme mkataba unasema dola 1,000 za kwanza ni zako, kisha unachangia asilimia 20 ya kinachobaki. Bili ya dola 6,000 itakugharimu 1,000, halafu 1,000 nyingine, yaani 2,000, ilhali una bima. Uliza pia kama kampuni hulipa hospitali moja kwa moja au wewe hulipa kwanza ndipo udai. Upasuaji uliopangwa kwa kawaida huhitaji idhini ya kampuni kabla ya kulazwa. Hiki ndicho kipengele kinachowaumiza wengi, maana matibabu yenyewe yamo kwenye mkataba, ila hakuna aliyepiga simu. Na kusafirisha mwili wa marehemu kuwe kumeandikwa waziwazi, la sivyo mzigo huo huangukia familia.

Dawa zinataka maandalizi yake. Beba barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa na kipimo chake, kwa sababu jina la kwenye boksi huenda lisijulikane uendako. Hata majina ya kitaalamu hutofautiana: salbutamol ya pumu Marekani huitwa albuterol, na paracetamol huitwa acetaminophen. Mwenye kisukari aangalie mashine yake inasoma kwa vipimo gani: sukari ya milimoli 7 kwa lita ni sawa na miligramu 126 kwa desilita, maana huzidishwa kwa 18. Insulini iwe kwenye begi la mkononi, kwani sehemu ya mizigo ya ndege inaweza kuwa na baridi kali, na insulini ikiganda imeharibika. Hakikisha pia dawa yako inaruhusiwa kuingia. Japani haipokei dawa zenye amfetamini (kemikali ya kuchangamsha mwili) hata ukiwa na cheti cha daktari.

Chanjo ya homa ya manjano, ikiwa inatakiwa, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Kadi yake sasa hutumika maisha yote.

Mwisho, andika kwenye karatasi namba ya bima, simu ya dharura ya kampuni, kundi lako la damu, mzio ulio nao na dawa unazotumia, kwa lugha ya huko, uiweke pamoja na kitambulisho. Simu iliyofungwa kwa nywila haimsaidii muuguzi aliyepokea mgonjwa asiyejitambua.