Somo: Bajeti ya idara ya uhandisi huanzia maabara

Wenyeviti wengi wa idara huchukua bajeti ya mwaka jana, wakaongeza asilimia kumi, wakaipeleka kwa mkuu wa kitivo. Ikifika kwenye kamati hukatwa nusu, kwa sababu hakuna tarakimu ndani yake inayoweza kujitetea.

Kwanza jua pesa zinakotoka. Karo, ufadhili wa serikali na mikopo ya HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu nchini Kenya) haviji kwa idara. Vyote huingia kapu moja la chuo, na mishahara ndiyo hula kwanza. Idara hugombea kinachosalia: vifaa vya mazoezi, matengenezo na safari za kuwakagua wanafunzi walio viwandani. Chini ya mpango wa 2023 wa kufadhili vyuo vikuu, pesa humfuata mwanafunzi, kwa hiyo hesabu waliosajiliwa, si walioitwa kujiunga.

Hatua ya 1. Kaa na fundi wa maabara, si mhasibu. Andikeni kila zoezi la kila somo, muhula kwa muhula.

Hatua ya 2. Geuza mazoezi yawe vipimo. Chukua zege: wanafunzi 60, makundi 12, kila kundi kyubu 6 (vipande vya zege vya kuvunjwa ili kupima nguvu) za milimita 150 kila upande (tatu za kuvunjwa siku ya 7, tatu siku ya 28). Hizo ni kyubu 72, yaani mita za ujazo 0.243. Ongeza asilimia 15 ya kumwagika, unapata 0.28. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo hula takribani kilo 320 za simiti, kwa hiyo unahitaji kilo 90: mifuko miwili ya kilo 50. Sasa angalia kalibu, yaani vyombo vya kumwagia kyubu. Ukiwa nazo 18, utamwaga kwa awamu nne, kwa kuwa kyubu hukaa saa 24 kabla ya kutolewa. Na katika muhula wa wiki 15, simiti ikiletwa wiki ya 12, majibu ya siku 28 yatatoka mitihani imeisha. Usinunue ya mwaka mzima pia. Ikikaa ghalani zaidi ya miezi mitatu huanza kupoteza nguvu.

Hatua ya 3. Weka gharama zinazojificha. Mashine ya kuvunjia kyubu huhitaji kuhakikiwa vipimo kila mwaka, pamoja na usafiri wa wakaguzi hadi chuoni kwenu, tuseme Kakamega au Njoro. Mashine mpya huhitaji usafirishaji, kufungwa, mafunzo na vipuri. Kabla ya kuiagiza, uliza kama maabara ina umeme wa fezi tatu. Ni swali la dakika moja, lakini bila jibu lake mashine ya mamilioni hukaa ndani ya kreti.

Hatua ya 4. Peleka orodha iingie kwenye mpango wa ununuzi wa chuo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu kuanza ununuzi ambao pesa zake hazimo kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na waraka wa Hazina ya Taifa wa kuandaa bajeti hutoka kufikia 30 Agosti ya mwaka uliotangulia. Anayeanza kuandika Mei amechelewa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tumepewa nusu ya tulichoomba. Tukate wapi?*
Msipunguze kila fungu kwa nusu, maana mtabaki na mazoezi yote yasiyokamilika. Ongezeni ukubwa wa makundi kutoka watano hadi sita: kyubu 72 zinakuwa 60. Samani zisubiri. Uhakiki wa mashine usiguswe. Bodi ya Wahandisi ikija kukagua programu, itaangalia maabara kabla ya viti.

*Je, naweza kugawa oda kubwa ziwe ndogo ndogo ili nikwepe zabuni?*
Hapana, dada. Sheria inakataza kugawanya ununuzi, na mkaguzi huona tarehe zinazofuatana. Ukitumia njia ya kuomba bei, sheria inataka usipungue wauzaji watatu.

*Masurufu (pesa za safari zinazotolewa mapema) ya kwenda kukagua wanafunzi Kisumu yamezuiwa. Kwa nini?*
Huenda kuna ya awali hayajarejeshwa. Una siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni kuwasilisha hesabu na stakabadhi. Mhadhiri mmoja akichelewa, yeye ndiye hukosa safari inayofuata, na wanafunzi wake hubaki bila alama.

*Juni imefika, LPO (oda rasmi ya ununuzi) imetoka, mzigo haujaja.*
Bili hiyo itakula bajeti ya mwaka ujao. Maombi ya vifaa yafike ofisi ya ununuzi kabla ya Machi, na ya mashine kutoka ng'ambo mapema zaidi.