Chungu cha sentimita 30 hakifinyangwi kwa sentimita 30

Udongo husinyaa mara mbili: maji yakikauka, kisha tena motoni. Kwa kiasi gani? Inategemea udongo wenyewe, kwa hiyo usiazime kipimo cha jirani. Tandaza kipande bapa cha udongo ule ule utakaotumia, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kwa ncha ya kisu, kikaushe kivulini, ukichome pamoja na vyungu vyako, kisha upime tena. Mstari ukibaki sentimita 8.8, udongo umesinyaa kwa asilimia 12.

Wengi hukosea hapa. Mteja anataka mdomo wa sentimita 30, basi wanaongeza asilimia 12 ya 30 na kupata 33.6. Chungu kitatoka kidogo! Gawanya 30 kwa 0.88 (yaani 8.8 kwa 10, sehemu ya mstari iliyobaki): ni 34 na ushei, na hicho ndicho kipimo cha udongo mbichi.

Kifuniko kifinyange siku hiyo hiyo, kwa donge lile lile, vikauke pamoja. Na ukichanganya vigae vilivyosagwa, kusinyaa kutapungua, lakini pima upya, maana huo tayari ni udongo mwingine.